Maisha ya Daktari Fuller Albright

Mhariri wa kurasa za Kiswahili ameniomba mimi, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa. Najua wenzangu watawaleteeni habari za wafalme, majemadari na wapigania uhuru, na ni haki yao kukumbukwa. Mimi ninakaa Nyamityobora, hapa mjini Mbarara, na kazi yangu ni kupima damu na mikojo ya wagonjwa katika maabara. Kwa hiyo nimemchagua mtu wa kazi yangu. Huyu ni Fuller Albright, daktari wa Marekani, aliyezaliwa mwaka wa 1900 na kufa mwaka wa 1969. Hakuongoza jeshi wala nchi. Sifa yake ni kwamba aliufuata mkojo wa binadamu saa baada ya saa, na kwa njia hiyo akatufundisha jinsi figo inavyopokea amri. Msicheke, ndugu zangu, someni kwanza.

Kabla ya kumweleza mtu mwenyewe, sharti nieleze fosfeti ni kitu gani. Jina lake mmeliona juu ya mifuko ya mbolea, na mawe yake yamo katika vilima vya Sukulu karibu na Tororo, na huko Minjingu katika Tanzania. Katika mwili wetu, sehemu kama 85 katika kila 100 za fosfeti zimo ndani ya mifupa na meno, zimeshikamana na kalsiamu. Iliyobaki imo katika kila seli, nayo huisaidia seli kupata nguvu za kufanya kazi. Ng'ombe akiikosa fosfeti katika majani huanza kutafuna mifupa mikavu malishoni. Arnold Theiler wa Afrika Kusini alilithibitisha jambo hilo yapata mwaka wa 1920. Binadamu hatafuti mifupa malishoni, lakini fosfeti ikimpungukia, mifupa yake nayo hulegea.

Sasa tazameni kazi ya figo. Kila siku figo zetu mbili huchuja kama lita 180 za maji ya damu. Kama zote zingetoka nje tungekufa kabla ya jua kutua. Lakini karibu zote hurudishwa na mirija midogo sana, na ni lita moja au mbili tu zitokazo kama mkojo. Fosfeti nayo hupita katika chujio hilo, na sehemu yake kubwa huokotwa na kurudishwa katika damu. Swali ni hili: ni nani aiambiaye figo iokote kiasi gani na iache kiasi gani kiende? Swali hilo ndilo lililomshika Albright maisha yake yote.

Jibu la kwanza limo shingoni. Nyuma ya ile tezi ambayo ikivimba tunaiita rovu, mna tezi nyingine ndogo nne, kila moja kama punje ya mchele, ziitwazo parathiroidi. Richard Owen wa Uingereza aliziona katikati ya karne ya 19 alipompasua kifaru aliyekufa katika bustani ya wanyama ya London. Katika mwaka wa 1880, Ivar Sandström wa Sweden, ambaye alianza kuzichunguza akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, aliandika habari zake kwa wanadamu, walakini hakuna aliyejua kazi yake. Baadaye madaktari waliokata rovu waliona kwamba wakiziondoa punje hizi pamoja nalo, mgonjwa hukakamaa mikono na kupatwa na degedege, maana kalsiamu ya damu huanguka. Mwaka wa 1925 James Collip wa Kanada, mmoja wa wale walioshughulikia insulini, alikamua kutoka tezi za ng'ombe dawa yenye nguvu ya kuipandisha tena kalsiamu. Dawa hiyo ilikuwa na homoni, yaani tarishi ambaye tezi humtuma kwa njia ya damu apeleke amri mahali pa mbali.

Wakati huo Albright alikuwa kijana wa miaka 25. Alizaliwa tarehe 12 Januari katika mji wa Buffalo, jimbo la New York. Baba yake alikuwa tajiri sana, hata aliujengea mji ule jumba la picha na sanaa. Mtoto wa nyumba kama hiyo angeweza kukaa akila mali ya baba, asiulizwe na mtu. Yeye alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1924, kisha akaingia hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston. Huko alifanya kazi chini ya Daktari Joseph Aub, aliyekuwa akiwachunguza wafanya kazi walioingiwa na sumu ya risasi. Risasi hujificha mifupani, na Aub alitumia homoni ya tezi zile kuitoa. Hapo ndipo Albright alipojifunza desturi ambayo hakuiacha tena: kila anachokula mgonjwa hupimwa kwa mizani, na kila kinachomtoka hukusanywa na kupimwa vile vile. Ni kazi ya kuchosha, tena haina harufu nzuri. Nawahakikishieni, maana naijua.

Katika miaka ya 1927 na 1928 alikuwa Baltimore, katika hospitali ya Johns Hopkins, pamoja na rafiki yake Read Ellsworth. Wodini mwao alikuwamo mgonjwa ambaye tezi zake hazikufanya kazi. Walimdunga dawa ya Collip, kisha wakapima damu na mkojo wake mara kwa mara. Watu walitazamia kwamba kalsiamu ndiyo itakayotikisika kwanza. Kumbe sivyo. Jambo la kwanza, katika saa chache tu, lilikuwa ni fosfeti kumiminika katika mkojo. Kisha fosfeti ya damu ikashuka. Ndipo kalsiamu ya damu ilipopanda, na mwisho kabisa ikaonekana katika mkojo. Habari hizo zilichapishwa mwaka wa 1929. Albright alifikiri hivi: kilichotangulia ndicho kilichosababisha kilichofuata, basi homoni hii hupeleka amri yake kwa figo, na amri yenyewe ni kuiacha fosfeti iende zake.

Mwaka wa 1928 alivuka bahari akaenda Vienna, Austria, kukaa mwaka mmoja na Jakob Erdheim, bingwa wa kuchunguza miili ya wafu, ambaye alikuwa ameonyesha uhusiano wa tezi hizi na magonjwa ya mifupa. Aliporudi Boston alikaa huko mpaka mwisho wa maisha yake.

Fikra yake haikupokewa na wote. Collip na wengine walishika kwamba homoni hushambulia mifupa yenyewe, wala si figo. Ubishi ulidumu miaka mingi. Walioshindana naye waliwakata wanyama figo, wakawadunga homoni, na bado kalsiamu ikapanda. Jambo ninalolistahi sana ni kwamba katika mwaka wa 1943 jina la Albright mwenyewe limo katika uchunguzi wa panya waliokatwa figo, ambao mifupa yao ilibadilika kwa homoni hata hivyo. Yaani alisaidia kuipunguza hoja yake mwenyewe. Gerald Aurbach alipoisafisha homoni hiyo mwaka wa 1959, ilionekana wazi kwamba tarishi ni mmoja lakini nyumba anazobisha hodi ni mbili: mifupa na figo. Albright alikuwa ameishika nusu ya kweli, lakini nusu hiyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya, kwa sababu alikuwa ameiandika kwa hesabu.

Jinsi amri ikizidi inavyomharibu mtu, wote waliiona kwa nahodha Charles Martell, baharia wa Marekani. Huyu alikuwa mtu mrefu, mwenye nguvu. Mifupa yake ilianza kulegea na kuvunjika, mawe yakajaa katika figo zake, naye akapungua urefu kwa inchi saba hivi, karibu sentimita 18. Bandu bandu huisha gogo: fosfeti ilitoka katika mkojo, na kalsiamu ikatoka mifupani. Madaktari walijua kwamba moja ya tezi zake imekua kupita kiasi. Kuanzia mwaka wa 1926 walimpasua shingo tena na tena wasiione. Inasimuliwa kwamba nahodha mwenyewe aliingia maktaba akasoma vitabu vya maumbile ya mwili, akawahimiza wamtafutie kifuani. Mwaka wa 1932, katika upasuaji wa saba, tezi ilionekana kifuani kweli. Lakini figo zilikuwa zimekwisha haribika, akafa baada ya wiki sita. Albright alikuwa miongoni mwa waliomtunza, na katika miaka hiyo alianzisha kliniki ya wenye mawe ya figo, ili watu kama nahodha watambuliwe kabla mambo hayajapita mpaka.

Sasa nafika mahali panapotugusa sisi. Mwaka wa 1937 Albright na wenzake waliandika habari za kijana mwenye matege ambaye vitamini D ya kawaida haikumfaa kitu. Watu walizoea kusema kwamba mtoto wa namna hiyo hapewi dawa au haotishwi jua. Albright alimlaza mgonjwa wodini, dawa akapewa mbele ya macho ya wauguzi, na kila kitu kikapimwa. Dawa iliingia, lakini mwili haukuitika mpaka alipopewa kiasi kikubwa mno. Kwa hiyo kosa halikuwa la mama wala la mtoto.

Mimi nilikulia Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na mama yangu mdogo yuko huko bado. Miaka michache iliyopita alinieleza habari za jirani yake, mama mmoja kutoka Kongo, mwenye mtoto wa kiume ambaye miguu yake ilipinda kama upinde. Katika zahanati moja alipewa vitamini D, akaambiwa amwanike mtoto juani asubuhi. Alifanya hivyo miezi mingi, miguu isinyooke. Hatimaye aliambiwa mbele ya watu kwamba bila shaka dawa anaiuza. Mama yule aliona haya, akaacha kwenda. Nilimwomba mama mdogo awalete Mbarara. Daktari aliagiza vipimo, nami niliona hesabu zake kwa macho yangu: fosfeti kidogo sana katika damu, na nyingi katika mkojo. Figo za mtoto yule zilikuwa ndoo iliyotoboka. Daktari wa watoto alimwandikia fosfeti ya kunywa kila siku, pamoja na vitamini D ya namna iliyokwisha kuamshwa nguvu zake. Miguu haijanyooka yote, lakini anakwenda shule kwa miguu hiyo hiyo, na mama yake hatazami tena chini akipita sokoni. Msidhani kila mtoto mwenye matege yuko hivyo; wengi hukosa kalsiamu au jua tu, nao hupona upesi. Lakini ni kwa ajili ya wale wachache kwamba lazima tupime kabla ya kulaumu.

Kazi kubwa ya Albright, kwa maoni yangu, ni ile ya mwaka wa 1942. Aliwaona wagonjwa wenye kalsiamu ndogo na fosfeti nyingi katika damu, kama watu waliokatwa tezi. Wengine walikuwa wafupi, wenye uso wa mviringo na vidole vifupi. Aliwadunga homoni, akangoja fosfeti imiminike katika mkojo kama ilivyokuwa kule Baltimore. Haikumiminika. Hapo alithubutu kusema jambo ambalo halijasemwa na mtu kabla yake: homoni haikupungua, figo ndizo zisizoisikia. Sisi tuna methali isemayo kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Albright alionyesha kwamba sikio huweza kuwa la mtu aliye hai, anayetembea, na bado lisisikie. Mpaka siku ile, madaktari waliona ugonjwa wa homoni kuwa ni ama tarishi kuzidi au tarishi kupungua. Tangu siku ile wanauliza pia kama tarishi alipofika alifunguliwa mlango.

Ili watu waelewe, alitoa mfano wa kuku wadogo wa Uingereza waitwao Sebright, ambao jogoo wao ana manyoya ya tetea ingawa homoni ya kiume anayo. Alidhani ngozi ya jogoo huyo haiisikii homoni. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba ngozi hiyo huisikia, ila huigeuza kuwa homoni ya kike. Basi mfano ulikuwa mbaya, lakini jambo lenyewe lilikuwa kweli.

Ndugu wasomaji, mtu huyu alifanya sehemu kubwa ya kazi hizi akiwa mgonjwa. Tangu katikati ya miaka ya 1930 alishikwa na ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Mikono ilikataa kuandika, ulimi ukawa mzito, miguu ikawa ya kuburuta. Akili ilitoa amri, viungo havikutii. Walakini aliendelea kuwaona wagonjwa, wenzake wakimwandikia na kumsaidia kutembea, na mwaka wa 1948 alitoa pamoja na Edward Reifenstein kitabu kikubwa juu ya tezi hizi na magonjwa ya mifupa. Mwaka wa 1956 alikubali kupasuliwa ubongo, kwa njia iliyokuwa mpya wakati ule. Upasuaji wa upande wa kwanza ulimpa nafuu. Upande wa pili damu ilivuja ubongoni. Tangu hapo hakuweza tena kusema wala kufanya kazi. Alilala miaka 13 katika hospitali ile ile aliyoitumikia, mpaka alipofariki tarehe 8 Desemba 1969.

Katika mwaka huo huo wa 1969, naye akiwa kitandani asiweze kuyasoma, Lewis Chase, Melson na Aurbach walitoa ushahidi ambao angeufurahia kuliko medali. Waligundua kwamba homoni ikibisha hodi katika seli ya figo, seli hutoa tarishi wa pili wa ndani, ambaye sehemu yake huonekana katika mkojo. Kwa watu wazima wa afya tarishi huyo aliongezeka sana baada ya kudungwa homoni. Kwa wagonjwa wa namna ile aliyoieleza Albright hakuongezeka ila kidogo mno. Naam, figo zilikuwa hazisikii.

Mengine yalifuata. Mwaka wa 1993 kundi la Heini Murer huko Zurich, Uswisi, lilitambua lango lenyewe ambalo fosfeti hupitia kuingia katika seli za mirija ya figo. Malango hayo husimama kwenye ukingo wa seli. Homoni ya parathiroidi ikifika, huvutwa ndani na kuvunjwa, na fosfeti ikikosa pa kuingilia huenda na mkojo. Homoni ikipungua, malango mapya hujengwa. Mwaka wa 2000 ilijulikana homoni nyingine, FGF23, ambayo hutoka katika mifupa yenyewe na kuziamuru figo kuiacha fosfeti. Watoto wenye matege kama yale ya mwaka wa 1937 kwa kawaida wanayo homoni hiyo kupita kiasi. Basi hata hapo figo zao si viziwi, zinasikia mno. Tangu mwaka wa 2018 iko dawa ya kuizuia homoni hiyo, ingawa bei yake ni kubwa mno kwa mtu wa kawaida.

Mtaona kwamba Albright alikosea mara kadha: juu ya mifupa, juu ya jogoo, na juu ya sababu ya matege yale. Hata hivyo kazi yake haikuanguka, kwa kuwa alitenga mambo mawili: yale aliyoyapima, na yale aliyoyadhani juu ya vipimo hivyo. Waliokuja baadaye waliyatupa aliyoyadhani yasiyofaa, wakajenga juu ya aliyoyapima.

Basi nyinyi mtakaokuwa waganga, walimu, au wakubwa wa ofisi, mkitoa dawa au agizo na lisitimie, msikimbilie kusema kwamba aliyepewa ni mkaidi. Ulizeni kwanza kama agizo limefika. Kisha ulizeni kama limesikika. Na majibu yote mawili yaandikeni kwa hesabu, ili atakayewafuata apate pa kuanzia. Nawatakieni masomo mema.